Bango la Mama Mkwe

Jumamosi, 2 Agosti

Bahati imenipigia hodi, na safari hii nilikuwepo dukani.

Mratibu wa kampeni ya chama cha Mwavuli hapa mjini kaingia studio asubuhi, jasho linamtoka. Kasema anataka mabango ya mgombea wao wa urais, na anayataka yawe ukutani Jumanne. Nikamwuliza kwa nini amenichagua mimi. Kasema mashine ya mchapishaji mkubwa imeharibika. Nilimwelewa. Watu wakubwa hawamsifu fundi usoni, asije akavimba kichwa.

Kwa hiyo kuanzia leo mimi si mpiga picha za pasipoti tena. Mimi ni Mtaalamu wa Taswira. Nimelichapisha jina hilo na kulibandika kaunta, juu ya ile karatasi ya kuwakataza watu kukalia kiti kama hawapigwi picha.

Nimewatangazia nyumbani wakati wa kula. Mke wangu kasema hongera, kisha kaniuliza kama nimemaliza picha za ile harusi ya mwezi wa tano. Mama mkwe aliendelea kula. Anakaa nasi tangu astaafu. Alikuwa mkunga miaka arobaini, nusu ya mji huu ilipita mikononi mwake, naye humkumbuka kila mtu kwa jinsi alivyozaliwa. Nilipomtaja Mratibu, alifikiri kidogo, akasema yule alitanguliza miguu na kutukesheza bure. Halafu akaongeza kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Mtu hajibizani na mkwewe. Ila naandika hapa kwamba methali hiyo ilitungwa kabla ya mabango kuwepo.

Jumapili, 3 Agosti

Nimeshinda na uso wa Mheshimiwa.

Picha waliyonipa ni ya mzee wa miaka sitini na kitu. Upara. Vifuko chini ya macho. Shingo imekunjamana kama shuka la asubuhi. Nani atampigia kura mtu aliyechoka kabla kazi haijaanza? Nikaondoa vifuko. Vilipoondoka, makunyanzi ya paji yakaonekana zaidi. Nikayaondoa. Paji likabaki uwanja mtupu, nikalipa nywele. Nywele zikawa za kijana na kidevu bado cha mzee, nikaona si haki kidevu kiachwe peke yake.

Alasiri Mratibu kaja kuidhinisha. Alikuwa anaongea na simu. Kainua kidole gumba, kaondoka.

Mke wangu kaitazama picha, kauliza ni nani. Nikamwambia ni rais ajaye. Kasema labda ajaye baada ya huyo wanayemsema. Mama mkwe kavaa miwani, kasogea karibu, kauliza kama huyo ni kitinda mimba wa mgombea.

Sina kinyongo. Nabii hakubaliki kwao.

Jumanne, 5 Agosti

Mabango yamepanda. Kila nguzo, kila ukuta usio na mwenyewe.

Mtaalamu hawezi kubandika tu akaenda kulala. Lazima apime maoni ya wapiga kura. Nimepimia kwa kinyozi, jirani wa studio yangu, kwa sababu mtu mwenye wembe shingoni hana nafasi ya kusema uongo. Wa kwanza kasema uso ule ni mzuri, kisha kauliza sabuni yenyewe inauzwa wapi. Wa pili kadhani ni mwimbaji, anataka kujua tamasha ni lini. Wa tatu, mzee wa makamo, kasema kijana yule anaonekana hajawahi kunyimwa kitu tangu azaliwe, na mtu wa hivyo yeye hampi hata ufunguo wa choo. Kinyozi mwenyewe kauliza zile nywele ni za nani.

Nimempelekea Mratibu ripoti: wapiga kura wote waliohojiwa wameliona bango.

Nikiwa nabandika la mwisho, Spika akapita. Huyu ni yule mwenye gari la vipaza sauti, anatangazia chama cha Ngazi, ambacho ndicho kiko madarakani. Hatupatani tangu siku alipoitangaza studio yangu na msiba wa mtu kwa pumzi moja, watu wakaja kunipa pole wiki nzima. Leo kapunguza mwendo mbele ya bango, kauliza kwa vipaza sauti vyote vinne kama mgombea wetu ameshamaliza kazi za nyumbani alizopewa na mwalimu. Soko zima likacheka. Hata mimi ningecheka, kama lisingekuwa bango langu.

Jumatano, 6 Agosti

Mratibu kasema wakuu wake wanataka bango la pili. La kugusa moyo. Anataka mwananchi wa kawaida aliyeteseka miaka mitano chini ya Ngazi. Anataka machozi, na anayataka kesho.

Nimetafuta mtu mwenye shida mtaa mzima. Wenye shida kweli hawana muda wa kupigwa picha. Kinyozi alikubali, ila kila nikimwambia ahuzunike anacheka. Mwishowe nikajipiga mwenyewe. Nimetoka kama mtu aliyeshiba anayetafuta kijiti cha meno.

Kisha mlango ukafunguka, akaingia mama mkwe.

Alikuwa anatoka kwa daktari wa macho. Katiwa dawa ya matone, anaona ukungu tu, anamsubiri mke wangu atoke kazini amrudishe nyumbani. Akapapasa akaketi kwenye kiti cha pasipoti. Mikono mapajani, uso umeinuka, dawa inamtiririka mashavuni. Taa yangu mpya ilikuwa inawaka. Nasema kweli, sikupanga. Kidole kilibonyeza chenyewe. Mara sita.

Kauliza mwanga huo ni wa nini. Nikamwambia najaribu taa. Si uongo. Nilikuwa najaribu taa.

Picha imetoka namna ambayo sijawahi kupiga maishani. Nilitaka kuisafisha, lakini kompyuta iliganda na muda ulikuwa umekwisha, kwa hiyo imekwenda na makunyanzi yake yote kama Mungu alivyoyapanga. Inasikitisha, ila hakuna la kufanya.

Kuhusu ruhusa: nimemwomba moyoni. Hakukataa.

Ijumaa, 8 Agosti

Bango limepanda kwenye mzunguko wa barabara, karibu na soko, mahali pasipokwepeka. Uso wa mama umejaa ukuta mzima. Maneno: MIAKA MITANO YA NGAZI. NANI ATAMFUTA MACHOZI? Nembo ya Mwavuli iko chini kulia. Ni ndogo kidogo, kwa sababu kitambaa cha kichwani cha mama kilichukua nafasi.

Nimepanga kila kitu. Daktari kamkataza mama kutoka nje hadi Jumatatu, kwa ajili ya vumbi na jua. Mke wangu yuko kwenye semina ya kazi mji wa jirani, naye anarudi Jumatatu. Huo ndio utaalamu.

Watu wanasimama. Muuza nyanya kajifuta macho kwa upindo wa nguo yake. Mwanamume mmoja kavua kofia. Dereva wa lori kasimama katikati ya mzunguko, walio nyuma yake wakapiga honi, walipoona anachotazama wakaacha. Hata Spika alizima vipaza sauti alipopita. Nilimwona kwa macho yangu.

Kila mtu anasema mama, mama. Bado sijamsikia anayesema Mwavuli, lakini hilo litakuja.

Jumamosi, 9 Agosti

Shida ya mkunga ni kwamba kila mtu ni mwanawe.

Tangu asubuhi wanaingia. Unga, sukari, mablanketi, kuku mmoja. Mama kakaa sebuleni, mapazia yamefungwa, anawatambua kwa sauti. Wewe ndiye wa kilo nne. Wewe ndiye uliyezaliwa mvua inanyesha, baba yako akaanguka mlangoni. Wanamshika mkono, hawamwachii. Walipopungua kaniuliza kulikoni. Nikamwambia ni Wiki ya Wakunga.

Akatabasamu. Kasema miaka arobaini hajawahi kuisikia wiki hiyo, ila si vibaya mtu kukumbukwa angali hai. Lile tabasamu limenichoma. Likapita.

Linalonitatiza ni jinsi wageni wanavyonitazama mimi. Nimekwenda kwa kinyozi kupima maoni, baraza zima likanyamaza. Kinyozi kanieleza polepole, kama mtu anayezungumza na mgonjwa. Kasema mji wote unajua mama yule anakaa kwa mkwe wake, yule wa picha. Kwa hiyo wanapoulizwa nani kamliza, hawaitazami serikali. Mmoja aliyekuwa ananyolewa kasema ule unga kaleta yeye, na kamnong'oneza mama aufiche nisiuone.

Nimemwandikia Mratibu: ujumbe umefika kwa wapiga kura, ingawa mlengwa amebadilika kidogo.

Jumatatu, 11 Agosti

Haya siyaandiki kwa furaha.

Daktari kamruhusu mama leo asubuhi. Hakumsubiri mtu. Kaenda sokoni mwenyewe kuwashukuru watu kwa Wiki ya Wakunga, akajikuta amesimama chini ya uso wake. Wanasema alisoma maneno yote, hadi ile nembo ndogo. Muuza nyanya kamletea kigoda, akakikataa. Akasimama hadi alipomaliza kutazama.

Aliporudi hakunigombeza. Angenigombeza ingekuwa nafuu. Kabeba zawadi zote, kazirudisha nyumba kwa nyumba. Mke wangu aliposhuka kutoka semina alimkuta njiani na unga kichwani. Akampokea mzigo bila kuuliza kitu, kwani mzungukoni alikuwa ameshapita.

Kisha mama akaniita sebuleni. Kasema amezalisha wanawake miaka arobaini, na si siku zote zilikwisha vizuri. Hata siku hizo alikuja kulia kwake, mlango umefungwa, asubuhi akarudi kazini uso mkavu, kwa sababu mwenye uchungu akimwona mkunga analia ataogopa. Hakuna mtu wa mji huu aliyewahi kuona chozi lake. Sasa wote wameliona, na halikuwa hata chozi.

Akamwuliza binti yake begi liko wapi.

Wamekwenda kwa shemeji, kaka wa mke wangu, ng'ambo ya mji. Mke wangu kasema hawezi kukaa nyumba ambayo mama yake akitoka kwa daktari anageuzwa bidhaa. Nilishushe bango kwanza, mengine baadaye.

Nyumba imekuwa kubwa. Nimepika uji, ukaungua, nikaula hivyo hivyo. Naona aibu. Bango lazima lishuke kesho.

Jumanne, 12 Agosti

Bango halijashuka.

Mratibu kasema haliguswi hadi mkutano wa Alhamisi. Mheshimiwa mwenyewe anakuja, na wanataka yule mama apande naye jukwaani. Nikamwambia atapanda. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Mdomo wangu una haraka kuliko mimi.

Basi nimebanwa. Mama anataka machozi yaondoke, Mratibu anataka bango libaki. Mtu wa kawaida angechagua upande. Mtaalamu hutafuta njia ya tatu. Nimechapisha miwani nyeusi, kila kioo upana wa mlango, nikapanda nikaibandika juu ya macho na mashavu. Machozi hayaonekani. Bango lipo. Kila mmoja amepata chake.

Nyongeza ya jioni: mji mzima unasema mama amepofuka.

Kinyozi kafunga mapema kwa heshima. Spika anazunguka akiomba watu wa dini zote wamkumbuke mama yetu katika sala zao. Shemeji kanipigia simu. Kasema tangu saa kumi wameshaletewa fimbo tatu za kutembelea, na mtu mmoja kamleta mwanawe wa kiume awe anamshika mama mkono. Mengine aliyoyasema shemeji siyaandiki.

Alhamisi, 14 Agosti

Mkutano umefanyika kwenye uwanja wa karibu na mzunguko, bango la mama likionekana jukwaani. Nitaeleza kwa utaratibu, kwa sababu Mratibu ananilaumu kwa mambo mawili na langu ni moja tu.

La kwanza. Mheshimiwa alishuka garini mbali kidogo ili anyooshe miguu, akaja langoni taratibu akisalimia watu. Walinzi wa mkutano wakamzuia. Walikuwa wameambiwa waukariri uso wa bangoni, na waliukariri vizuri. Wakamwambia kwa adabu zote, mzee, huku ni kwa mgombea, wazee wamewekewa kivuli upande ule. Akajitambulisha. Wakamwambia haya mzee, tumekusikia, nenda kapumzike. Akaketi na wazee wenzake, wakampa maji, hadi Mratibu alipokuja anakimbia. Alipopanda jukwaani watu walimpigia makofi ya heshima, kisha wakaendelea kutazama lango wakimsubiri mwanawe. Katikati ya hotuba mtu mmoja aliuliza kwa sauti kijana amefika wapi.

La pili. Mimi sikumleta mama. Jana nilikwenda kwa shemeji nikaishia kuongea na mlango. Leo alikuja kwa miguu yake, mke wangu ubavuni. Nguo safi, kichwa juu, hana miwani wala fimbo. Umati ukampisha. Mratibu akadhani ni kazi yangu, akaniinulia kidole gumba kutoka jukwaani. Bado nakiona kidole kile.

Mama akapewa kipaza sauti. Kasema kwanza, anaona. Ili wamwamini akaligeukia bango akasoma maneno ya chini kabisa, jina la studio yangu na namba ya simu, ambayo hata mimi nilikuwa nimesahau kwamba niliyaweka. Pili, halii, ile ilikuwa dawa ya macho. Tatu, mkwe wake hamnyimi chakula. Ana taa nzuri, ila akili humfikia baada ya kuwapitia watu wengine. Na mwenye kutaka kura yake aje amwombe kama watu waombavyo, asimlize kwanza ndipo amwonyeshe kitambaa.

Mratibu akanyoosha mkono achukue kipaza sauti. Mama akamtazama, akawaambia watu huyu alitanguliza miguu, na tangu siku hiyo sijamwona akianza jambo kwa upande wake. Uwanja ukavunjika mbavu.

Halafu akamgeukia Mheshimiwa. Akalitazama bango lake, akamtazama yeye. Kasema kijana yule wa ukutani hamfahamu, lakini mzee huyu amesimama juani muda mrefu, apewe kiti. Mheshimiwa akacheka hadi akatoa leso. Naandika kwa haki: alipocheka, na vifuko vyake vyote, alikuwa na uso wa kuaminika. Ningemwona akicheka ningempiga picha hivyo hivyo. Labda kidevu tu ndicho ningekigusa.

Spika karekodi kila neno. Sasa hivi anapita mtaani akilirusha, kasahau hata kuitaja Ngazi.

Mke wangu alinipitia karibu wakati wa kutoka. Hakunisalimu. Ila alinibandua kipande cha gundi kwenye kola, akaenda zake. Nimelichukulia kama dalili.

Jumatatu, 18 Agosti

Uchaguzi ulikuwa jana. Leo matokeo ya mji wetu yamebandikwa.

Ngazi wa kwanza. Kura zilizoharibika za pili. Mwavuli wa tatu.

Kinyozi alikuwa msimamizi kituoni, kwa hiyo habari ninazo za uhakika. Kasema kura nyingi zilizoharibika zimeandikwa kwa mkono neno Mkunga, moja hata ina salamu. Nyingine imeandikwa: namtaka yule mzee aliyepewa kiti, si yule kijana. Haikuweza kuhesabiwa. Na wale wachache waliompenda kijana wa bangoni walimtafuta kwenye karatasi ya kura, yenye picha halisi, wakamkosa. Mmoja alitoka nje kulalamika kwamba mgombea wake ameibwa.

Mratibu hapokei simu. Nimemtumia ripoti ya mwisho: bango langu la pili limeshika nafasi ya pili mjini, bila chama, bila mkutano, bila hata kugombea. Hajajibu. Nadhani bado anaitafakari.

Nyumbani kimya. Nimekuta kikombe cha mama kabatini, nikakiosha ingawa kilikuwa safi.

Jumatano, 20 Agosti

Bango la mama lilikuwa bado juu, na miwani yake. Waliolitaka wamekwisha ondoka mjini. Nikaona nisiposhusha mimi, litamzeekea pale.

Nilihitaji ngazi ndefu. Ile niliyopandia iliondoka na Mratibu. Nyingine mjini ni moja tu, imesimamishwa mlangoni kwenye ofisi ya chama cha Ngazi kama nembo yao. Wakaniazima kwa furaha, wakanipiga picha nikiipanda. Sasa mji unasema nimehama chama. Waseme.

Nililishusha mchana kweupe, soko zima linatazama. Hakuna aliyecheka. Nikabandua miwani kwanza, macho yakatokea. Uso wake ulipokuwa mikononi mwangu karibu namna ile, sikuweza kuukunja. Nikauviringisha taratibu, nikaupeleka kwa shemeji begani, kwa miguu.

Nikaomba radhi. Safari hii sikutafuta njia ya tatu. Nilikaa chini sakafuni nikamwambia, mama, nilichukua kisichokuwa changu nikakitundika barabarani, na ulipotabasamu kwa Wiki ya Wakunga nilijua nimekosa, nikanyamaza. Sauti ilinikatika mbele ya shemeji. Sijali.

Mama akasema mficha uchi hazai, na leo angalau nimekuja bila kujificha. Atarudi. Lakini kwa sharti. Kasema maishani mwake ana picha mbili, ya kitambulisho na ile ya mzungukoni, na zote mbili hakupigwa kwa kupenda kwake. Anataka ya tatu. Nimpige akijua anapigwa, itundikwe dirishani pa studio, ili mji umwone kama alivyo. Bila maneno. Bila kuguswa. Akarudia: bila kuguswa. Kila kunyanzi la uso wake analijua lilikotoka.

Nikaapa. Mke wangu alikuwa mlangoni anasikiliza. Kasema watarudi, lakini begi halitafunguliwa hadi mama aione picha dirishani kwa macho yake.

Jumamosi, 23 Agosti

Wamerudi! Begi liko sebuleni karibu na mlango, zipu imefungwa. Mke wangu analiruka akipita.

Mama nimempiga picha jana. Alivaa nguo yake ya bluu, akaketi kwenye kiti kile kile, akanitazama machoni, akasema haya, sasa. Nikabonyeza mara moja tu. Kakaa pale kama mtu anayejua mji mzima ulivyozaliwa na hana haja ya kuusema. Ni picha bora kuliko zote nilizowahi kupiga. Nimeitazama asubuhi nzima bila kuigusa.

Palikuwa na vumbi kwenye kona, ukutani. Vumbi si mama. Nikaliondoa.

Halafu nikaona alama shavuni, nikadhani nayo ni vumbi. Haikuwa vumbi, lakini ilikuwa imeshaondoka. Shavu la pili likabaki peke yake, likaonekana limeonewa. Nikalisaidia. Mashavu yakawa laini na paji likabaki na mistari yake, mtu angedhani ni nyuso mbili za watu tofauti. Mtu mwenye haki angefanya nini? Kidevu nilikigusa mwisho kabisa, tena kidogo.

Iko dirishani sasa. Anang'aa. Kinyozi kapita, kasimama, kaniuliza binti huyu ni ndugu gani wa mke wangu na kama ameshaolewa. Hakuna sifa kubwa kuliko hiyo kwa mama wa umri wake. Chini palibaki nafasi nyeupe, na nafasi tupu ni hasara, kwa hiyo nimeweka maneno machache: MIAKA HAIMGUSI. WEWE JE? Na namba ya simu. Haya si maneno ya siasa. Nilichoapa kilihusu siasa, ukikitazama vizuri.

Wametoka sasa hivi kwenda kuiona, mama, mke wangu, na wakunga wenzake wastaafu waliovaa kama wanaenda harusini. Mimi nimebaki kuwaandalia chai. Maji yamechemka. Nimeanza kulifungua begi mwenyewe, ili wakirudi wasipate taabu.